Hivi haya "maendeleo ya jamii" yalianzia wapi? Afisa wa kata nafungua kabati

Mzee Kabrasha:
Wakuu salaam. Juzi nlikuwa napanga makabrasha yangu ya kazini, nimestaafu sasa nina muda, nikakuta daftari la mahudhurio la mkutano wa kijiji wa 2004. Kwenye jalada nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe "WANANCHI WAMEIBUA MRADI WA KISIMA". Nikacheka peke yangu mpaka mama watoto akaja kuuliza kuna nini.

Wananchi hawakuibua kisima. Walitaka kivuko. Kuna mto pale kila masika watoto hawaendi shule. Ila sisi tulitoka wilayani tunajua kabisa mfadhili ana hela ya maji tu, kwa hiyo tukafika na kisima kwenye begi. Tukatandika makaratasi chini ya mwembe, picha ya kisima, picha ya zahanati, picha ya kivuko, kila mtu akapewa punje tatu za maharage apigie kura anachokitaka. Kivuko kikaongoza. Sasa wakati tunabishana namna ya "kuboresha" matokeo akapita kuku akadonoa kura za kivuko, watu wakafa kwa kicheko, na mwenzangu akatangaza kura zimeharibika turudie. Tukarudia, safari hii baada ya kueleza kwa kirefu faida za maji safi. Kisima kikashinda.

Tangu nimeliona lile daftari najiuliza huu mchezo tulijifunzia wapi. Pale Tengeru (chuo cha maendeleo ya jamii, kimeanza 1963, mnaokijua mnakijua) tulifundishwa kwamba maendeleo ya jamii ni wananchi wenyewe kushiriki na kuanzisha. Kumbe hiyo tafsiri ni ya zamani kuliko uhuru. Waingereza walikaa Cambridge 1948, mkutano wa maafisa wa makoloni, wakakubaliana neno jipya badala ya lile walilotumia 1944 la elimu ya umma kwa Waafrika. Wakasema ni harakati ya kuinua maisha ya jamii nzima, kwa ushiriki wake, na ikiwezekana kwa kuanzishwa na jamii yenyewe. Hapo kwenye "ikiwezekana" ndo pana mambo yote. Na isipowezekana? Wakaendelea kusema zitumike mbinu za kuwaamsha. Mimi nimekuwa mbinu ya kuwaamsha watu kwa miaka 31.

Tena hata 1948 sio mwanzo. 1924 ilipita tume ya elimu ya Phelps-Stokes ya Marekani huku Afrika Mashariki, Dk. Aggrey, msomi wa Gold Coast (Ghana ya leo), alikuwemo, wakaja na mawazo ya shule za weusi wa kusini mwa Marekani, mambo ya Tuskegee, kwamba mwalimu asifundishe tu herufi, atoke aende nyumba kwa nyumba afundishe usafi, bustani, choo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete Kenya, jina la mama mmoja tajiri wa Philadelphia aliyeacha hela kwa ajili ya shule za weusi vijijini. Kwa hiyo bwana maendeleo na bibi maendeleo ukiwafuatilia nyuma nyuma unafika kusini mwa Marekani. Nani alijua?

Karibuni tujadili, sitaki matusi.

Chumvi ya Uvinza:
Nakaa hapa na karanga zangu. Ila mzee huyo kuku apewe ulinzi, ndo mpigakura pekee aliyekuwa huru siku hiyo 😂

Ndiva ya Usangi:
Mzee Kabrasha shikamoo. Uzi mzuri ila naomba nikupinge kidogo, maana unaandika kama vile kabla ya Aggrey na Cambridge tulikuwa tumelala.

Kwetu Upareni kuna msaragambo. Baragumu linalia alfajiri, sauti inashuka bondeni inapanda upande wa pili, ukisikia unajua leo ni siku ya kazi, hamna barua wala posho. Unachukua jembe. Kama ni kusafisha ndiva mnaingia humo ndani matope yanafika magotini mnatoa tope mnapandisha kwenye kingo. Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa dogo la kukusanya maji ya mfereji, jioni linazibwa usiku linajaa, asubuhi linazibuliwa na kila mtu ana zamu yake ya kumwagilia. Usipokuja kwenye msaragambo bila sababu unapigwa faini, na ukikataa faini zamu yako ya maji inakuwa na mgogoro, hapo ndo unajua jamii ni nini.

Na hao wakoloni walilijua hilo. Mwishoni mwa miaka ya 40 kuingia 50 walileta mradi wa kisomo na maendeleo ya jamii huku huku Upare. Muda ule ule ambao vidonda vya mbiru vilikuwa bado vibichi, maana 1945 watu wa Pare walimiminika Same kugomea kodi mpya. Mimi sioni kama ni bahati mbaya. Watu wamekugomea kodi, unawarudia na ubao na chaki.

Binti Waluguru:
@Ndiva ya Usangi nakuelewa ila tusipambe sana ya kale. Baragumu linalia sawa, nani alikuwa analipuliza? Nani alikuwa na zamu ya kwanza ya maji? Bibi yangu kule Matombo, milima ya Uluguru, alikuwa akisikia neno "kazi ya pamoja" anasonya. Kwetu kazi ya pamoja ilikuwa matuta. Bwana shamba anakuja anasema ardhi inaliwa na mvua chimbeni matuta mlima mzima, usipochimba faini au kesi kwa chifu, na wachimbaji wengi ni wanawake maana wanaume wamekwenda kwenye mkonge. Udongo wa kule juu ni mwembamba ukiufukua unatoa ule mwekundu usiozaa kitu, watu walikuwa wanalima matuta mahindi yanatoka ya njano. Ndo 1955 Waluguru wakakataa, ikawa vurugu, polisi wakaja, mtu akafa. Serikali ikaachana na ule mpango.

Na kwenye makaratasi yao nao waliandika ni kwa faida ya wananchi. Sijui kama kulikuwa na maharage.

Mzee Kabrasha:
Marahaba @Ndiva. Na @Binti Waluguru hapo umenigusa, ngoja nikubali. Nlichotaka kusema sio kwamba wao ndo walianzisha kusaidiana, kusaidiana kupo toka dunia iumbwe. Walichoanzisha ni ile kugeuza kusaidiana kuwa idara. Iwe na ofisi, afisa, fomu, bajeti ndogo. Tusisahau pia kipindi kile Uingereza imetoka vitani haina kitu, imetia hela kwenye karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo toka 1947, pauni kama milioni 36 zikaota mbawa. Sasa ukishapoteza hela namna hiyo, wazo la kwamba mwananchi ajenge mwenyewe shule yake kwa mikono yake linakuwa tamu sana.

Jamaa wa Machakos:
Wasee wa TZ hamjambo. Hiyo stori ya matuta kwetu Ukambani iko na twist. Hapa pia walilazimisha watu, na hata kabla ya hapo 1938 wazee walitembea na Muindi Mbingu mpaka Nairobi juu ya ng'ombe zao kunyang'anywa eti ni wengi wanaharibu ardhi. Halafu miaka ya 50 serikali ikajua kuna mwethya, yani vikundi vyetu vya kusaidiana shambani, ikavitumia kuchimba matuta. Uhuru ukaja watu wakaachana nayo kiasi. Lakini baadaye wakarudi kuchimba wenyewe bila chifu, maana sasa kuna kahawa, kuna mboga za kupeleka soko, tuta linakulipa. Leo ukipita Machakos vilima vimekatwa kama ngazi mpaka juu. Kwa hivyo mimi siamini kwamba shida ilikuwa tuta. Shida ni lile tuta ni la nani.

Harambee nayo mnaijua. Mzee Kenyatta 1963, watu wakajenga mashule na zahanati kweli kweli, mama yangu alisoma shule ya harambee. Halafu ikaoza polepole. Mwanasiasa anakuja na gunia la noti watu wanapiga makofi, chifu anakuja kwako mchango ni lazima, huna pesa anabeba kuku. Ndio ikafika 2003 wakaleta mfuko wa maeneo bunge, pesa ya serikali sasa ikawa ndio inajenga madarasa, na jina la mheshimiwa bado liko ukutani 😅

Pia Maendeleo ya Wanawake, 1952, mwaka ule ule wa hali ya hatari ya Mau Mau. Serikali inachoma nyumba za watu upande huu na upande ule inafundisha akina mama kushona na kuoka keki. Hiyo ndio community development ya kwetu.

Chumvi ya Uvinza:
Kuku tena. Huu uzi una uadui na kuku

Mkazi wa Peramiho:
Nimesoma toka juu mpaka hapa nasubiri mtu aitaje Litowa, naona kimya. Basi ngoja niandike mimi, samahani itakuwa ndefu.

Kila mtu akisema ujamaa anakimbilia 1967 Arusha, ama anakimbilia malori ya 1974 ya kuhamishia watu vijijini. Lakini kulikuwa na watu walishaanza kabla hata ya uhuru, bila tamko lolote. Vijana wa TANU Youth League wa Songea, kiongozi wao Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini Litowa kwenye 1960 hivi. Mara ya kwanza wakashindwa, chakula kikaisha wakarudi makwao watu wakawacheka. Wakarudi tena mwaka uliofuata, wamejipanga. Hiyo naipenda sana kuliko yote maana hakuna mradi wa mfadhili unaokuruhusu kushindwa halafu urudi.

Wakakutana na Mwingereza mmoja Ralph Ibbott, kazi yake ilikuwa ya kukadiria gharama za majengo, akaja kukaa nao pale na familia yake, sio kukaa Songea mjini na gari. Vijiji vingine vikafuata, 1963 wakaandikisha chama chao cha maendeleo cha Ruvuma, mwisho vikafika vijiji 17. Walikuwa na kinu cha kusaga nafaka, mashine ya kupasua mbao, shule yao pale Litowa ambayo watoto walikuwa wanalima na kusoma na wanaendesha mikutano yao wenyewe. Kila kijiji kinaamua mambo yake, mgeni akitaka kujiunga anakaa kwanza wamuone. Babu yangu alikuwa kijiji cha jirani sio mwanachama, anasema mikutano yao ilikuwa mirefu mpaka mnaota mvi. Mtu anabishiwa na mkewe mbele za watu kuhusu zamu ya kupika na hamna anayeshangaa.

Nyerere aliwapenda, alichota kwao mengi ya kuandika kuhusu ujamaa vijijini. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao. Chama tawala kinataka ujamaa na hao wanaufanya, shida nini? Shida walikuwa hawaombi ruhusa. Viongozi wa mkoa hawakuwa na kauli pale. Kinu kikachukuliwa, magari yakachukuliwa, Ibbott akaondoka. Miaka minne baadaye ndo inatoka amri kuishi vijijini ni lazima.

Kijana wa Kizazi Kipya:
Daah mkuu @Mkazi wa Peramiho hii sikuwahi kufundishwa kabisa, sisi history ya form three ilikuwa "toa sababu sita za kushindwa kwa ujamaa" unakariri ukame, vita vya Kagera, bei ya mafuta, basi.

Mlango wa Bibi:
Maana umetaja malori. Kwetu Dodoma operesheni ilianza mapema, 1971, kabla ya nchi nzima. Iringa nako mwaka ule ule Krismasi ndo yule mkuu wa mkoa Dk. Klerruu alipigwa risasi Isimani na mkulima Mwamwindi. Yani dalili zilishaonekana ila 1973 mpaka 76 wakaendelea tu nchi nzima, mamilioni ya watu wakahamishwa.

Bibi yangu alikuwa anasimulia kitu kimoja tu kuhusu kuhama. Alibeba mlango. Walivyokuja kuwaambia wapakie vitu, tembe linabaki linabomolewa, yeye akang'oa mlango wa mbao alionunuliwa na babu, akaubeba kichwani akaupandisha lori. Walikoshushwa hakuna nyumba, kuna vigingi vimepigwa ardhini na kamba, kila kaya na ekari yake. Akauegemeza mlango kwenye mti wakalala nyuma yake wiki nzima. Ule mlango mpaka anakufa 2011 ulikuwa ndo mlango wa jikoni.

Lakini pia hakuwahi kusema Nyerere mbaya, hapo ndo nachanganyikiwa. Anasema pale kijijini ndo alijifunza kusoma, kwenye kisomo cha watu wazima. Na zahanati ilikuwa karibu.

Mzee Kabrasha:
@Mlango wa Bibi asante sana kwa hiyo. Usichanganyikiwe, ndivyo ilivyokuwa. Mimi nlikuwa mtoto 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, redio moja ya mkulima imewekwa juu ya kiti, watu wazima kama kumi na tano wamezunguka na kitabu chao, kipindi kikiisha wanabishana, halafu kesho yake wanaenda kuchimba vyoo. Watu karibu milioni 2 nchi nzima walikuwa kwenye yale makundi, wiki kumi na mbili. Baba alichimba choo chetu kipindi kile, shimo refu mpaka tukawa tunaogopa kwenda. Hiyo nayo ilitoka juu, hakuna aliyeuliza wananchi mnataka vyoo? Ila ile sehemu ya kubishana ilikuwa yenu.

Sasa hapa ndo kuna kitu kinachoniuma na hakisemwi sana. Miaka ya 90 walikuja wataalamu wakatufundisha "mbinu shirikishi", kuchora ramani ya kijiji chini kwa kijiti, kupanga vipaumbele kwa kokoto, wametoka Ulaya na kompyuta zao. Semina hotelini, cheti. Kumbe sehemu ya hayo mawazo ilizaliwa hapa hapa! Miaka ya 70 Chuo Kikuu cha Dar alikuwepo mama wa Kifini Marja-Liisa Swantz, ndo alikuwa anasema huwezi kumtafiti mwanakijiji kama mdudu, mtafiti naye awe mshiriki. Wakaendesha ule mradi wa utafiti wa Jipemoyo kule wilaya ya Bagamoyo. Na Paulo Freire wa Brazil, yule mwalimu wa elimu ya watu wazima, alipita Dar kipindi hicho hicho. Wazo likatoka kwetu likaenda kusoma nje likarudi na suti, tukalilipia posho kulisikiliza.

Ile mwanzoni mwa 2000 tukapewa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kila kijiji siku tisa kumi mnapanga mpango. Mpango mzuri kabisa, unapelekwa wilayani, wilayani wanasema bajeti haipo, mnachagua kutoka kwenye hivi tulivyonavyo. Mwaka wa pili ukifika kijijini wanakuuliza swali moja tu: leo kuna soda?

Jamaa wa Machakos:
Leo kuna soda 😂😂 hiyo ni Afrika Mashariki nzima

Sanduku la Mwanakwerekwe:
Mie mchango wangu mdogo. Mnaongea sana idara na chama, njooni muone kina mama. Kikundi chetu hapa Unguja tuko 28, tunakutana kila Alkhamisi baada ya laasiri barazani kwa mwenzetu. Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu na hao hawaruhusiwi kuwa ndugu, na sanduku linakaa kwa wa nne asiye na ufunguo. Likifunguliwa linafunguliwa mbele ya macho yetu, hela zinahesabiwa kwa sauti, asiyejua kusoma anashika kichwani kiasi cha mwisho, tunamuuliza wiki ijayo "tulifunga na ngapi?" akikosea faini mia mbili.

Huu mtindo haukutoka Ulaya wala serikalini, umetoka kwa kina mama wa Maradi huko Niger, 1991, shirika likawasaidia kuupanga ukasambaa ukafika Zanzibar na bara, bara mnaita VICOBA. Ila siku hizi wakubwa wameshatuona. Kila mara mtu anakuja sajilini, fungueni akaunti, mpate mkopo wa serikali. Kikundi kimoja hapa jirani walichukua mkopo wakaongezewa wanachama wasiowajua. Sanduku lao sasa halina kufuli hata moja, linawekewa vitunguu.

Binti Waluguru:
Funguo tatu na wasiwe ndugu 👏🏾 Dada huo mfumo tuupeleke Dodoma bungeni.

Kijana wa Kizazi Kipya:
Mzee Kabrasha swali la kizushi, kile kisima cha maharage kikoje sahivi? Na kivuko?

Mzee Kabrasha:
Nlijua litakuja.

Kisima kilitoa maji miaka miwili na nusu. Kamati ya maji tuliiunda, mwenyekiti, katibu, mhazini, nusu wanawake kama fomu ilivyotaka. Pampu ilikufa kipuri kidogo tu, mpira kama wa kiatu, unapatikana Dar. Wakaja ofisini kwangu, nikawaambia mradi ni wenu mlishakabidhiwa. Ndivyo tulivyofundishwa kusema. Namkumbuka yule mama mhazini akaniangalia akasema, "Sawa baba, kama ni wetu tupe basi na ile ramani ya chini kilikochimbwa," maana hata michoro tulibaki nayo wilayani. Sikuwa na jibu. Sijawahi kuwa na jibu.

Kivuko walijenga wenyewe kiangazi cha 2007. Magogo manne ya mninga na nyaya za simu zile za zamani, sijui walizitoa wapi na sikuuliza. Sikualikwa, nilipita kwa pikipiki nikakikuta. Mvua za mwaka wa pili zikakibeba, wakakirudisha. Nasikia wamekirudisha mara tatu.

Chumvi ya Uvinza:
Na lile bango la mradi lenye nembo za wafadhili, bado lipo?

Mzee Kabrasha:
Lipo. Ni mlango wa banda la kuku kwa mwenyekiti.

Chumvi ya Uvinza:
😂😂😂 KUKU KASHINDA. Mods fungeni uzi

Mkazi wa Peramiho:
Msifunge kwanza. Kuna mwenye picha ya kile kinu cha Litowa, au mzee aliyesoma ile shule yao? Nataka nimpelekee babu aone, ana miaka 88 na bado anabisha kwamba mashine ya mbao ilikuwa ya kwao na siku moja itarudishwa.